Msichana Akija na Mchumba, Msuke Polepole

Mgongo ndio ulionistaafisha, si umri. Mtu aliyeinama juu ya vichwa vya watu tangu usichana wake mwishowe hubaki ameinama, na daktari aliponiuliza nafanya kazi gani nikamjibu nasuka nywele, alicheka, akasema basi, mama, imetosha. Saluni ya Gurei, hapa Juba, nimewaachia Betty na wenzake. Betty, kabla hajanipokonya funguo, alinipa kazi nyingine: niyaandike yale niliyokuwa nikiwaambia kwa mdomo miaka yote. "Mama Kiden," alisema, "sisi tulikuwa tunasikia nusu tu. Nusu ingine draya ilikuwa inapiga kelele." Haya. Draya sasa imezimwa, someni.

Msitafute humu habari za nani alipata nini. Nitawaambia habari za kazi, na kazi yetu, mtake msitake, ilikuwa nusu nywele na nusu mapenzi. Hakuna mwanamke atakayekaa kwenye kiti muda wote ule bila kuanza kusema anampenda nani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoelewana nacho. Mimi ni Mkuku, Betty ni wa Mbale, wateja ni wa kila kabila, na Kiarabu chetu cha Juba ni kitamu mdomoni lakini kwenye karatasi kinanishinda. Kiswahili changu ni cha shule ya msingi Kitale, tulikokimbilia kwanza kabla ya kuhamia Uganda. Kama kina vumbi, lipanguseni.

Nilianzia Arua, kule Uganda, kwa mwanamke tuliyemwita Nalongo, yaani mama wa mapacha, ingawa mapacha wenyewe walikuwa watu wazima wenye ndevu. Siku ya kwanza sikugusa kichwa cha mtu. Alifunga fungu la mkonge kwenye mguu wa meza, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe suka hii meza kwanza. Meza haina kulia." Nikasuka meza. Wateja walipita wakinicheka, na mmoja aliniuliza kama meza inaolewa lini. Siku Nalongo aliponipa kichwa cha kwanza, cha mjukuu wake, nilikuwa nimeshajua kwamba mkono wenye hasira hukata hata mkonge, sembuse nywele za mtoto.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Chanuo la chuma tulilipasha juu ya jiko la makaa, tukalijaribu kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, unasubiri. Siku hizi mna vyombo vya umeme vyenye namba, na bado mnaunguza watu masikio. Chanuo lenye mkia ni kama mswaki, haliazimwi. Sindano ya kushonea nywele msiiweke mdomoni mkiongea. Nimewaona, na sitaji majina, Betty.

Lakini jambo kubwa nililolipata kwa Nalongo ni hili. Siku moja msichana alikuja na kijana wake, akaomba matuta makubwa, ya haraka. Nalongo alimtazama kijana, akamtazama msichana, akaninong'oneza, "Huyu msuke rasta ndogo ndogo." Nikamwambia mbona ameomba matuta. "Ameomba kwa mdomo," akasema. "Kama alitaka haraka, huyu kijana angebaki nyumbani. Anataka kuona huyu iko namna gani akichoka." Akamwambia msichana kwamba uso wake unafaa rasta, zile nyembamba zinazochukua mchana kutwa. Msichana alikubali bila ubishi hata kidogo. Kijana akaketi kwenye benchi.

Ikawa sheria kwangu tangu siku hiyo: msichana akija na mchumba, msuke polepole. Mengi nimeyaona kwenye benchi. Wapo wanaoanza na maneno matamu, kisha simu, kisha "bado?", kisha "bado tu?" kwa sauti ambayo mke ataisikia maisha yake yote. Wapo wanaotoka kununua maji wakarudi na maji ya wote waliomo ndani. Yupo aliyetoka kununua maji mpaka leo. Msichana huwa amekaa ameinamisha kichwa, mnadhani amelala, kumbe masikio yake yote yako kwenye benchi. Sikuwahi kumwambia msichana yeyote chagua huyu, acha huyu. Nilimpa muda tu, na muda ndio ulikuwa kazi yangu.

Tuliporudi Juba nilifungua kwanza Gumbo, ng'ambo ya daraja, kando ya barabara ya Nimule. Malori yalipita na vumbi likaja kukaa kwenye mafuta ya wateja. Nikahamia Gurei, kwenye chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Upande mmoja mimi, upande wa pili Okello, kinyozi kutoka Gulu, mtu mpole mwenye mashine moja na stori nyingi. Mbao ile ilikuwa kama pazia. Mwanamume akikohoa kule, mimi huku nasema pole. Nilitaka kuweka mbao nene, lakini kila nilipopata nafasi nikaona nitakosa mengi.

Kwa hiyo nilikaa miaka mingi nikisikia pande mbili za jambo moja, na mkitaka kujua vijana wanavyotafutana, ukuta ule ulikuwa shule. Upande wangu, msichana akipata kijana mpya, jina la kijana hulitaja mwisho. Kwanza anakaa na nani. Anaongeaje na mama yake kwenye simu. Yule aliyekuwa naye kabla, walimalizana vipi. Anatuma rafiki akachungulie, anamwuliza muuza chapati, anachunguza kama askari wa mpakani anayetafuta kosa kwenye paspoti. Mwezi unakwisha bado anasema, "Mimi simjui vizuri." Upande wa pili kijana anaingia, anavuta kiti, anasema, "Okello, leo nimeona mtoto." Nimeona. Neno la kwanza ndilo hilo. Halafu mwendo, halafu meno, halafu rangi, halafu nywele, na mara nyingi nywele zenyewe nilizishona mimi juzi.

Watu husema wanawake ndio wepesi wa kupenda. Natamani watu hao wangekaa na mimi siku moja tu. Wavulana ndio waliokuwa wakizama. Hajamaliza wiki anataka kuoa, anamwuliza Okello suti ya rangi gani, na msichana mwenyewe yuko huku kwangu anauliza babu yake kijana alikuwa mtu wa aina gani. Na wakiachwa, kilio kikubwa kilitoka upande ule. Okello alikuwa akiwasha mashine bila kichwa cha kunyoa ili mtu alie kwa heshima. Niliwahurumia sana. Wasichana walilia pia, lakini wao walikuwa wameanza kuziona dalili zamani, wamelia kidogo kidogo.

Msiyageuze haya yakawa Biblia. Mteja wangu mmoja, mwanamke wa kwaya, alimchagua mumewe kwa miguu tu, alipomwona akicheza mpira, na wako pamoja mpaka leo ingawa miguu ile sasa haimkimbizi hata kuku. Na kijana mmoja fundi viatu alikuwa na swali moja tu juu ya msichana aliyeelekezwa kwake: "Anajua kucheka?" Kwa hiyo mtakuta wa kila namna. Nawaambia tu niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

Kulikuwa na vichwa vigumu. Msichana mmoja alikuja shingo imebabuka nyuma ya masikio kwa dawa ya kujichubua, akataka nimtie dawa ya kulainisha nywele juu ya ngozi ile ile. Nikakataa. Akaniambia mchumba wake anapenda weupe. Yule kijana alipokuja kumchukua nikamwuliza habari ya weupe huo mbele ya msichana, maana mimi mdomo wangu hauna mlango. Kijana alishangaa. Alikuwa amesifu picha moja kwenye simu, mara moja, na alikuwa ameshasahau. Msichana akaketi palepale sakafuni. Nilimpaka mafuta ya nazi shingoni, nikamrudisha kwao, na nilisikitika kuliko nilivyomwonyesha.

Sasa nifike kwa Poni, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Poni alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wa chekechea. Alikuja kwangu mapema asubuhi kabla ya wengine, na aliomba pazia lifungwe. Alipofungua kitambaa nilielewa. Utosini alikuwa na kovu la kuungua, pana kama kiganja changu, laini, halioti hata unywele mmoja. Pembeni nywele zake zilikuwa nzuri, nyingi, na kwa kazi ya sindano na neti nilizileta juu, nikashonea nyingine, mpaka hata mimi nikisimama mbali sikuweza kusema kovu liko wapi. Kwa miaka aliyokuja kwangu, sisi wawili na Betty ndio tuliojua. Aliniambia kuna kijana mmoja Adjumani, Uganda, wakati bado wako ukimbizini, aliyeliona kwa bahati mbaya. Hakusema neno baya. Alikoma kuja tu.

Halafu akatokea Wani. Wani ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na mageti kule Hai Mauna, na kwa Okello alikuwa mteja wa siku zote. Nilimsikia mwenyewe, siku aliyokuja na habari. "Okello, nimemwona mmoja kanisani. Alikuwa amekaa mbele yangu. Uso sijauona bado, nimeona nyuma tu, zile nywele, nikasema khalas, ni huyu." Okello akamwuliza, na kama uso ni mbaya? "Mimi iko tayari," akasema Wani, wakacheka. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na kichwa cha Poni mbele yangu, na hatukujua bado kwamba anayezungumzwa ndiye huyo.

Wani alikwenda kwa kasi yao ile ya wavulana. Poni alikwenda kwa kasi yake. Alimtuma rafiki yake karakana kuulizia bei ya geti ambalo hana ukuta wa kuliweka, ili tu asikie Wani anavyoongea na mafundi wanaojifunza kwake. Alimwuliza mchungaji. Alimwuliza mama wa jirani. Mwishowe alimleta kwenye benchi, na mimi nikamsuka pembeni rasta nyembamba kuliko zote nilizowahi kusuka, taratibu, huku utosi umefunikwa. Wani alikaa. Alipochoka kukaa aliinuka akautazama mlango wangu, uliokuwa ukilia tangu tuhamie, akatoa bisibisi mfukoni, akautengeneza bila kuombwa, akarudi kukaa. Hakuuliza "bado?" hata mara moja. Poni alinifinya goti. "Huyu," alisema kwa sauti ya chini.

Sasa, katika ukoo wa Wani kuna desturi. Si ya Wakuku wote, mimi ni Mkuku na sikufanyiwa. Ni ya ukoo wao. Kabla wazee hawajaenda kwa kina msichana kuzungumza mahari, shangazi wa kijana humfumua msichana nywele kwa mikono yake mwenyewe. Anafumua, anachana, wanaongea. Wanasema mtu anayefumuliwa hawezi kujifanya kwa muda mrefu. Zamani ilifanyika nyumbani, lakini nywele za siku hizi zimeshonwa na zinataka mkasi wa mwenye kazi, kwa hiyo shangazi, Mama Yunia wa Gumbo, alituma ujumbe kwamba atakuja saluni Jumamosi.

Poni alinijia Alhamisi, hajalala. "Mama Kiden, mwambie uzi ulikuwa mbaya, zikifumuliwa ngozi itatoka."

"Nimdanganye mtu wa umri wa mama yangu?"

"Basi mwambie saluni haina maji."

"Gurei nzima haina maji, Poni, na bado watu wanasukwa."

Hakucheka. Nikamwambia amweleze Wani kabla ya Jumamosi, kwa mdomo wake, wakiwa wawili. Akanitazama kwa macho mekundu. "Wanaume wanapenda kwa macho. Si wewe ndiye unatufundisha hapa kila siku? Alinipenda kabla hajaona uso wangu. Alipenda hizi." Akashika nywele nilizomshonea. "Mimi nimemchunguza huyu mwaka mzima, mama. Simtaki mwingine. Akiondoka kama yule wa Adjumani, mimi sitaki tena."

"Nilisema huanza kwa macho," nikamwambia.

"Na wakikuta walianza kwa kitu cha duka?"

Nimekaa na swali lile mpaka leo na ninaona lilikuwa zuri.

Jumamosi mchana Mama Yunia alifika, nyuma ya pikipiki ya Wani, amejifunga shuka la lawa begani, mwanamke mkubwa mwenye mikono ya mkulima. Wani hakuruhusiwa kuingia. Alikwenda upande wa pili kunyolewa ndevu. Mama Yunia alinawa, akaketi nyuma ya Poni, nikampa mkasi na kumwonyesha uzi ulipo. Alifanya kazi kwa upole kuliko nilivyotegemea. Aliuliza habari za watoto wa shule, akasimulia walivyovuka mto na mbuzi mmoja wakati wa vita. Poni alijibu kila kitu vizuri, ila mikono yake ilikuwa ikikunja pindo la kanga na kulikunjua. Betty alifagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

Upande wa pili Wani alikuwa na furaha zake. "Okello, wewe subiri uone. Mimi nywele zangu zinaanza kuniacha kama za baba, lakini watoto wangu watakuwa na nywele. Kwa mama yao." Tulimsikia wote wanne. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mama Yunia akaondoa neti. Vidole vyake vikasimama.

"Hii ni nini, binti yangu?"

"Uji, shangazi. Nilikuwa mdogo, kule kambini. Sufuria ilipinduka."

"Inauma?"

"Haiumi tena."

"Wani anajua?"

"Hapana."

Mama Yunia akaendelea kufumua pembeni mpaka mwisho, akachukua chanuo, akachana nywele zile za Poni zenyewe kuzunguka kovu lile, polepole. Kisha akaweka chanuo mapajani. "Mimi sina neno na kovu," akasema. "Katika nchi hii asiyekuwa nalo ni nani? Lakini nimetumwa kuona. Wani ni mtoto wa kaka yangu, akiniuliza nimeona nini siwezi kumdanganya. Sema wewe, au nitasema mimi. Ikitoka kwako ni afadhali."

Nilidhani Poni atalia. Aliinuka. Hakuchukua kitambaa. Akatoka nje kichwa wazi, kwenye jua lile la mchana, akapita mbele ya Mama Jua, yule muuza makaa wa mlangoni petu, akaingia kwa Okello. Mwanamke haingii kule, nyinyi mnajua. Mimi na mgongo wangu tukamfuata, na Mama Yunia nyuma yangu, na Betty na fagio lake.

Wani alikuwa kwenye kiti, povu shavu moja. Poni akasimama mbele yake. "Okello, ukimaliza na huyu, nami ninyoe. Zote." Kisha akainamisha kichwa, Wani akaona. "Ni uji wa moto. Nilikuwa sijaanza hata shule. Zile ulizoziona kanisani, nyingi ni za duka. Hapa hapajaota kitu na hapataota."

Okello aliweka wembe chini. Wani alitazama, na sitawadanganya, uso wake ulianguka.

"Ulikuwa unanificha," akasema.

"Ndiyo."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo."

Wani akasema kwa sauti nzito, "Mimi nilikupendea nywele, Poni. Siwezi kusema uongo mbele ya shangazi."

"Najua. Nilikusikia ukutani."

Wani akafuta povu kwa kitaulo, akainuka, akamwachia kiti, akatoka nje. Aliinamisha kichwa mlangoni asituone nyuso. Nilikuwa nikijiambia tangu Alhamisi kwamba huyu si kama yule wa Adjumani, aliyetengeneza mlango wa watu bila kuombwa hawezi kuwa kama yule.

Poni akakaa kwenye kiti. Okello akamwuliza kama aanze au angoje. "Anza," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutikisika. Mashine ikapita, nywele zake nzuri za pembeni zikaanguka begani, na mimi niliyezihudumia miaka yote nikauma kitambaa changu.

Okello alikuwa amefika nusu Wani aliporudi. Hakusema alikuwa wapi. Akakaa kwenye benchi la Okello, mbele ya kiti, akaweka mikono magotini, akamtazama Poni bila kuondoa macho mpaka mashine ilipozimwa. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya kiti, akasimama pale, kama alivyokuwa amekaa nyuma yake kanisani siku ile. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Kumbe ilikuwa shingo."

Okello akaanza kucheka, akajizuia. Mimi nilitaka kumchapa kwa chanuo. Macho tena, mwanamume huyu, macho tu. Lakini alikuwa anasema kweli. Shingo ya Poni ni nzuri, nyembamba, ndefu, na sisi wote tulikuwa tumeishughulikia kama mahali pa kumalizia nywele. "Wazee waende Jumamosi ijayo," Wani akasema, tayari amekwisha, tayari ameshazama upya kama kawaida yao.

Poni akageuza kiti. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Ulitoka. Ukaniacha kwenye kiti kile nikinyolewa mbele ya watu. Wewe ulitaka kuangalia tena, umeangalia. Na mimi nataka kufikiri tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue ulitoka kwa nini."

Wani alifungua mdomo ajibu. Mama Yunia akamshika bega. "Usimwambie wewe," akasema. "Mwanamke haulizi mwenye kesi, huuliza walioona." Akamtoa nje. Wakapanda pikipiki, na Wani shavu moja limenyolewa na jingine halijanyolewa.

Wiki zilipita. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Wani akija, ananyolewa, hasemi kitu, anaondoka. Okello hakuwa na stori. Mimi nilikuwa na hasira na wote wawili. Na Wani kwa kutoka, na Poni kwa kukataa kwamba kurudi kwa Wani ni jibu la kutosha. Betty aliniambia, "Mama Kiden, wewe si ndiye unasema wasichana wasukwe polepole?" Nikamwambia anyamaze afagie.

Asubuhi moja Poni akaja, mapema kama zamani. Hakufunga pazia. Kichwa kilikuwa kimeanza kuota pembeni, laini, na utosini kovu liko wazi linang'aa. Akaketi, akaomba nimpake mafuta tu, sikuwa na lingine la kumfanyia. Nikampaka. Chini ya kidole changu kovu lile lilikuwa na joto kama ngozi nyingine yoyote.

"Nimemwuliza Mama Jua," akasema. Angemwuliza nani mwingine? Kumbe Wani alipotoka siku ile alikwenda kuchuchumaa kando ya magunia ya makaa ya yule mama.

"Akasema nini?"

"Anasema Wani alikuwa ameshika kichwa. Akamwuliza, mwanangu, umefiwa? Akasema hapana. Halafu Wani akamwuliza yeye, 'Mama, mtoto mdogo akiungua na uji wa moto, analia muda gani?'"

Nikaweka chini chupa ya mafuta.

"Mama Jua akamwambia inategemea kuna nani karibu yake," Poni akasema. "Ndipo akainuka akarudi ndani."

Alifuta macho kwa kiganja, akachukua kitambaa chake mezani, akakikunja bila kukivaa.

"Nimemwambia wazee waje," akasema.